Dhahabu ya mtoni haikimbii, tatizo ni maji unavyoyaachia

Ndugu zangu wa kanda ya kati, mvua zikikatika tu malalamiko yanakuwa yale yale. Wafugaji wanasema visima vya mchangani vimejaa tope, wenye karai na mialo (ile mifereji yenye zulia ya kuoshea mchanga wa dhahabu) wanasema wanafukuzwa kwenye makorongo bila sababu, na katikati hapo kuna mtu anauza mbuzi ili apeleke kafara maana "dhahabu imekimbia". Mimi ni mtaalamu wa jiolojia, hizi kesi ndio kazi yangu ya kila siku, naomba tuelewane vizuri.

Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19 na zaidi, mchanga wa kawaida ni mara 2.65 tu, na ule mchanga mweusi mnaouona kwenye karai ni kama mara 5. Sasa mto wetu wa msimu ukishuka kwa nguvu unabeba vyote, mawe, mchanga, dhahabu, halafu nguvu ikipungua kizito ndio kinaanguka kwanza, kama mama anavyopepeta uwele kwenye ungo, makapi yanaruka na punje zinabaki. Kwa hiyo ukitaka kujua dhahabu imelala wapi jiulize maji yanachokea wapi. Yanachokea upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, pale mteremko unapoisha na korongo linapanuka. Ikishaanguka haikai juu, kila mafuriko yanavyotikisa mchanga yenyewe inazidi kuzama mpaka ikutane na mwamba, iingie kwenye nyufa, au ikwame juu ya tabaka la udongo mfinyanzi. Watu wengi wanachimba mchanga mweupe mzuri wa juu wanauosha siku nzima, wakifika kwenye kokoto zilizoshikana na tope wanaacha wanasema wamefika mwisho. Hapo ndio mlikuwa mnaanza jamani!

Na ile vumbi ya dhahabu inayoonekana juu kila baada ya mvua, hiyo haioti. Nasema tena haioti. Ni punje nyembamba zilizoletwa na mafuriko mapya kutoka juu huko, ni kidogo, na haimaanishi chini kuna utajiri. Pia sio kila mto unao. Lupa kule Chunya watu wameosha dhahabu ya mitoni tangu miaka ya 1920, lakini Sekenke kule Iramba, iliyochimbwa tangu enzi za Mjerumani, ilijulikana kwa dhahabu ya kwenye mwamba. Huku kati mialo mingi inaosha mawe yaliyosagwa na karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, ila kanuni ya uzito ni ile ile.

Tuje kwenye mwalo wenyewe. Mtu anafunga pampu kubwa, anafungulia maji yote, anafurahi mchanga unavyopita haraka, jioni zulia halina kitu. Haikukimbia, umeisukuma mwenyewe. Anza na mteremko wa sentimita 8 hadi 15 kwa kila mita ya urefu wa mwalo, halafu urekebishe kwa kuangalia. Angalia nyuma ya vile vizuizi vya ndani ya mwalo: mchanga unatakiwa uwe unacheza cheza, mwepesi unatoka na mweusi unabaki. Ukiona nyuma ya kizuizi pako wazi kabisa maji ni makali, ukiona pamejaa mpaka juu na pamegandamana maji hayatoshi au mwalo umelala, na hapo dhahabu mpya inateleza juu inaenda kwenye marudio, yaani mchanga ulioshaoshwa. Chekecha kwanza ukubwa ufanane, maana ili jiwe kubwa lisogee lazima uongeze maji, na maji hayo ndio yanaondoka na punje ndogo. Udongo mfinyanzi uuloweke na uuvunje kabisa, kibonge kikipita kwenye mwalo kinaokota dhahabu yako kinatoka nayo. Zulia la juu, karibu na unapomwagia, ndio linashika nyingi zaidi, hilo lioshe mara kwa mara na kwenye beseni lake peke yake.

Unataka uhakika? Chukua risasi ya kwenye nyavu za samaki, ikate vipande vidogo vidogo, vigonge viwe bapa, vihesabu, changanya na mchanga, pitisha. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo kama mwalo umeishika yote hata dhahabu ya ukubwa huo utaishika. Viokote vyote vilivyopita chini, usiviache mtoni, na nawa mikono kabla ya kula.

Zebaki sasa. Haiongezi dhahabu kwenye mchanga, inashika tu iliyopo, na mkichomea jikoni moshi wake mnauvuta nyinyi na watoto. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, na kati ya vitu mkataba unavyotaka vikomeshwe ni kuchomea zebaki wazi na kuchomea kwenye makazi. Mama mjamzito asikae karibu kabisa na hiyo kazi.

Kuhusu kufukuzwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtu ananiambia "lakini mto wenyewe mkavu". Mkavu juu! Mchanga ule ndio tanki letu, ng'ombe wanakunywa humo na akina mama wanafukua humo kiangazi kizima, tope la mwalo likishuka linaziba mchanga na kisima hakitoi tena. Hilo linaniuma kuliko hata leseni.

Na leseni ni hivi: leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, inaombwa Tume ya Madini kupitia mfumo wa mtandaoni, kwa dhahabu eneo halizidi hekta 10, muda ni miaka 7 na inahuishwa. Haikupi shamba la mtu, mwenye ardhi lazima mkubaliane kwanza. Maji ya mto au kisima yana kibali chake cha bodi ya maji ya bonde, na kama unachenjua (unatenganisha dhahabu na) mchanga wa watu wengine unahitaji leseni ya uchenjuaji. Ukikamatwa bila leseni ni faini au kifungo au vyote, na mzigo unataifishwa, hata kama ni gramu moja, na kusema mwenyekiti wa kijiji aliniruhusu haisaidii kwa sababu mwenyekiti hatoi leseni. Sokoni nako msikwepe, mwaka 2019 mchimbaji mdogo aliondolewa VAT ya 18% na kodi ya zuio ya 5%, sasa unamuuzia broka gizani kwa faida gani?

Kabla hujauza mbuzi, leta sampuli kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini hapa hapa Dodoma. Usilete jiwe moja linalong'aa, mara nyingi ni ulanga tu, ligeuze kivulini uone kama bado linang'aa, na uliguse kwa sindano: dhahabu inabonyea, ulanga unabanduka. Leta mchanga wa kina tofauti, kila mfuko uandike umechimba wapi na mita ngapi kwenda chini.