Kufungua Kitabu si Kushiriki Katika Somo

Katika taarifa za miradi ya vitabu vya kiada vya kidijitali kuna sentensi inayojirudia mno: kwamba tangu vishikwambi vilipoingia darasani, ushiriki wa wanafunzi umepanda kuliko walipokuwa wakitumia vitabu vya karatasi. Msomaji mwenye subira ya kufika kwenye jedwali hukuta kuwa kilichopanda ni idadi ya mara programu ilipofunguliwa, au dakika ambazo ukurasa ulikaa wazi kwenye skrini. Hayo ni matumizi, na ni haki yake yeyote kuyahesabu, lakini kuyaita ushiriki ni kudai kitu ambacho hesabu hiyo haikukigusa.

Ushiriki wa mwanafunzi ni juhudi, umakini na moyo anaouelekeza katika kujifunza. Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, katika mapitio yao ya mwaka 2004 ambayo watafiti wengi wa elimu huyategemea hadi leo, waliutenga katika sura tatu: ya mwenendo, yaani anachofanya, ya hisia, yaani anavyolipokea somo na mazingira yake, na ya utambuzi, yaani kazi ambayo akili yake inaifanya ili kulielewa jambo. Kwa maana hii ya msingi hakuna mgogoro mkubwa. Mgogoro unaanza pale mtu anaposhika kipande kidogo cha sura ya kwanza na kukipa jina la zote tatu.

Tofauti hiyo haikuanza na skrini. Mwaka 1984 Alexander Astin wa Marekani, alipoandika nadharia yake ya mwanafunzi kujihusisha na masomo, alisisitiza kwamba jambo hili lina kiasi na lina ubora, na kwamba viwili hivyo havibadilishani nafasi. Mfano alioutoa ulikuwa wa kitabu cha kiada hasa: unaweza kuhesabu saa ambazo mwanafunzi ametumia kujisomea, lakini ni swali lingine kabisa kama katika saa hizo alikuwa akirudia na kuelewa alichosoma, au alikuwa amekikodolea kitabu macho huku mawazo yake yakizurura. Vishikwambi havikuwapo wakati huo, wala hakukuwa na mtu wa kumuuzia mwalimu takwimu za kurasa zilizofunguliwa, na bado kosa lenyewe lilikuwa limekwisha kutajwa. Ndiyo maana dodoso la kitaifa la ushiriki wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, linaloendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Indiana tangu mwaka 2000, huwauliza wanafunzi wenyewe mambo wanayoyafanya katika masomo yao: kujadiliana na wenzao, kuunganisha mawazo ya kozi mbalimbali, kuzungumza na wahadhiri. Dodoso lina udhaifu wake, kwa kuwa mtu anaweza kujisifu au kusahau, lakini angalau linaulizia kitu chenyewe.

Kisha kitabu chenyewe kikaanza kutoa taarifa. Mwaka 2013 CourseSmart, kampuni iliyoanzishwa na wachapishaji wakubwa wa vitabu vya vyuo, ilikuwa ikijaribu katika vyuo kadhaa vya Marekani, kikiwamo Chuo Kikuu cha Texas A&M cha San Antonio, mfumo uliomwonyesha mhadhiri kurasa alizofungua kila mwanafunzi, sehemu alizozipigia mstari na maelezo aliyoyaandika ndani ya kitabu. Yote hayo yalijumlishwa kuwa namba moja, nayo namba hiyo ikaitwa faharisi ya ushiriki. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo mwezi Aprili mwaka huo, na mambo mawili katika habari hiyo yangetosha kuifunga hoja. Mhadhiri mmoja alikuwa na mwanafunzi ambaye alama zake za majaribio na faharisi yake vyote vilikuwa vizuri, ilhali kitabu alikuwa amekifungua mara moja tu. Mwanafunzi mwingine alipata faharisi ya chini, na sababu iliyodhaniwa ni kwamba maelezo yake ya masomo aliyaandika katika faili jingine la kompyuta, ambako mfumo haukuweza kumwona. Huyu wa pili ndiye anayestahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu alihesabiwa kuwa hajishughulishi kwa vile tu alijishughulisha mahali pasipokuwa na mhesabuji. Kuhesabu mara ngapi mlango wa jiko umefunguliwa hakukwambii nani ameshiba.

Haki itendeke hata hivyo: namba hizo si za bure. Reynol Junco na Candrianna Clem walichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa takwimu za matumizi ya kitabu cha kidijitali za wanafunzi 233, wakaona kwamba faharisi ya aina hiyo ilibashiri alama za mwisho za kozi vizuri kuliko ufaulu wa nyuma wa wanafunzi hao. Waliona pia kwamba muda wa kusoma peke yake, ambao ni sehemu moja tu ya faharisi, ulibashiri vizuri zaidi kuliko faharisi nzima, jambo ambalo lingepaswa kumfanya muuzaji wa faharisi afikiri kidogo. Mwalimu anayetaka kujua mapema nani yuko hatarini kufeli anaweza kunufaika na taarifa kama hizo. Lakini kubashiri jambo si kulipima. Mahudhurio nayo hubashiri ufaulu, na hakuna mwalimu anayechukua daftari la mahudhurio akasema hapa ndipo palipoandikwa nani ameelewa.

Ugumu unakuwa mkubwa zaidi pale kitabu cha skrini kinapolinganishwa na cha karatasi. Karatasi haiandiki kumbukumbu. Mwanafunzi aliyekirudia kitabu cha karatasi mara tano usiku, akachora mishale pembeni kwa penseli na kubishana na jirani yake juu ya zoezi la mwisho, hakuacha alama yoyote katika mfumo wa mtu. Kwa hiyo upande mmoja hupimwa kwa kumbukumbu za mashine na upande mwingine kwa hojaji au kumbukumbu za mwalimu, kisha namba mbili zilizotoka katika vipimo viwili huwekwa safu moja na kutafutiwa mshindi. Hata dakika, ambazo zinaonekana kuwa kipimo cha haki, hazina maana moja pande zote mbili. Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith walionyesha mwaka 2011 kwamba wasomaji walipoachiwa kujipangia muda, waliosoma kwenye skrini walifanya vibaya kuliko waliosoma kwenye karatasi, huku wakijiamini kupita uelewa wao. Muda ulipopangwa na watafiti, tofauti ya ufaulu haikuonekana. Dakika ya skrini na dakika ya karatasi hazibebi mzigo sawa wa fikra, hata kama saa ni moja.

Watetezi wa karatasi nao wasishangilie mapema. Wanapenda kutaja uchambuzi wa Pablo Delgado na wenzake wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 54 na kukuta kwamba karatasi ina faida, hasa kwa matini za maarifa na pale muda unapobana, lakini si kwa hadithi. Ni kazi nzuri, ila ilichopima ni ufahamu wa msomaji baada ya kusoma. Kuitumia kuthibitisha kwamba karatasi huleta ushiriki zaidi ni kosa lilelile, limegeuzwa upande tu.

Katika madarasa yetu kuna tatizo jingine ambalo mifumo ya Texas haikulifikiria. Kitabu kimoja cha kiada mara nyingi husomwa na watoto watatu, na kishikwambi kikifika hufuata desturi hiyohiyo. Akaunti ni moja, vidole ni vya mmoja, na mfumo unaandika kwamba mwanafunzi mmoja amefungua kurasa 12, wakati wawili waliokuwa wakichungulia pembeni, pengine mmoja wao akiwa ndiye anayewaeleza wenzake, hawapo kabisa katika hesabu.

Anayetaka kweli kulinganisha vitabu viwili kwa ushiriki hana budi kutumia kipimo kimoja kwa pande zote: hojaji ileile, msimamizi yuleyule anayetazama darasa kwa orodha ileile, madaftari yaliyokusanywa kwa namna ileile, na kumwomba mwanafunzi aeleze kwa maneno yake alichosoma. Hiyo ni kazi ndefu, na mradi ambao hauna muda wala fedha za kuifanya haulazimiki kuifanya. Unaweza tu kuandika kwamba wanafunzi walikifungua kitabu cha kidijitali mara nyingi zaidi muhula huu kuliko muhula uliopita, na kuacha neno ushiriki nje ya sentensi hiyo.