Mtoto yuko sitaha ya 11, simu haina mtandao

Swali la kwanza ninaloulizwa ofisini na mzazi wa Arusha anayefikiria kupeleka watoto kwenye meli ya kitalii ni "Haitazama?" Silicheki. Hii ni nchi iliyozika watu wa MV Bukoba Mei 1996 na wa MV Spice Islander Septemba 2011, na aliyekuwa na akili zake miaka hiyo hajasahau. Nitafika huko. Swali la pili huja tumeshamaliza bei, mama ameshafunga mkoba, amesimama mlangoni: "Sasa mimi nikiwa huku na mtoto yuko kwenye michezo yake, nitampataje? Mtandao upo?"

Hilo la pili ndilo lililonilisha miaka sita. Kabla sijarudi nyumbani na kufungua ofisi hii ya safari, nilikuwa mlezi kwenye klabu za watoto melini. Nalijibu hapa kwa urefu, maana kulijibu kwa sauti za WhatsApp saa nne usiku kumenichosha.

Elewa kwanza unaingia mahali gani. Meli ya kitalii Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na sitaha, yaani ghorofa, 20, na ikijaa inabeba abiria kama 7,600 mbali na wafanyakazi. Wateja wangu wengi hupandia Durban, kwenye meli ndogo kuliko hiyo, lakini hiyo "ndogo" nayo ina maelfu ya watu. Kama umewahi kutumwa AICC, kile kituo cha mikutano hapa Arusha, kutafuta ofisi, ukaingia jengo la Ngorongoro kumbe yenyewe iko Serengeti, ukapita korido ileile mara tatu huku mlinzi anakutazama, basi meli umeshaionja. Korido za vyumba zimefanana hivyo, ila ni ndefu zaidi, hazina madirisha, na upande wa kushoto wa meli ni sawasawa na wa kulia. Mtu mzima hupotea siku mbili za mwanzo. Mtoto wa miaka mitano hajui kama amepotea. Anaendelea tu kutembea mpaka akutane na kitu kizuri.

Sasa simu. Meli ikiwa bandarini, simu yako inashika minara ya nchi ile. Ikitoka nje baharini minara inakwisha, na meli inawasha mnara wake. Simu haikuulizi. Inaudaka kama inavyoudaka mnara wa Kenya ukiwa bado Namanga upande wetu, ujumbe wa kukaribishwa unaingia hata mpaka hujavuka. Mnara wa melini unapitia setilaiti, na gharama yake haimo kwenye bando lolote ulilonunua hapa mjini. Kwa hiyo weka simu kwenye hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga, kisha washa waifai peke yake. Tableti ya mtoto yenye laini nayo ifanyie hivyohivyo. Hiyo ndiyo husahaulika, na bili yake ndiyo wazazi huja kunililia mimi.

Na waifai yenyewe ya meli ni vitu viwili vilivyopewa jina moja. Kuna mtandao wa ndani ya meli, na kuna intaneti. Wazazi huvichanganya, kisha wanashangaa. Ukimtumia mwanao ujumbe wa WhatsApp akiwa sitaha ya 11 na wewe uko ya 5, ujumbe haupandi ngazi. Unatoka melini kwenda kwenye setilaiti, ambayo zile za zamani zimekaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na hizi mpya za Starlink kama 550, unashuka nchi kavu kwenye kompyuta za kampuni, kisha unarudi njia ileile mpaka sitaha ya 11. Usipolipia intaneti, safari hiyo yote haipo, hata kama mtoto uko naye umbali wa kurusha kandambili. Programu ya meli yenyewe ndiyo inayotumia mtandao wa ndani: unaipakua ukiwa nyumbani, unajiunga na waifai ya meli, na unaandikiana na watu wako bila kununua intaneti. Disney hawatozi kitu kwa ujumbe wa ndani wa programu yao. Baadhi ya kampuni nyingine zina ada yake. Ipakue ukiwa Arusha, tafadhali, usisubiri foleni ya bandarini.

Hayo yanafaa kwa mume na mke, na kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ya mdogo ni mengine. Simshauri mtu ampe simu mtoto wa chini ya miaka minane ili tu ampate melini. Ataiacha kwenye kiti cha bwawa, ataizima akichezea, au chaji itaisha saa tano asubuhi, na wewe muda wote huo umetulia kwa sababu "simu anayo". Utulivu wa namna hiyo ndio ulioniletea watoto wengi klabuni wakiwa wameshikwa mkono na mhudumu wa usafi.

Mwaka juzi nilikuwa na mteja gaidi. (Wa Dar msishtuke, huku gaidi ni yule anayewapeleka wageni Serengeti.) Alinicheka nilipomwambia kuhusu simu. Yeye miaka yote anatumia redio koli, anaongea na mwenzake aliye bonde jingine, anajua chui yuko mti gani. Akaniambia atanunua redio ndogo mbili za mkononi, moja yake, moja ya bintiye wa miaka sita. Nikamweleza nitakavyokueleza na wewe. Mbugani kati ya gari na gari kuna hewa. Melini kati ya sitaha na sitaha kuna chuma, na kuta ni chuma, na milango ya moto ni chuma. Zile redio za wazi kwa raia zina nguvu ndogo. Za Ulaya hazizidi nusu wati. Sitaha moja hadi mbili utasikia, zaidi ya hapo ni mkwaruzo. Tena masafa yanayoruhusiwa Marekani, ya megahezi 462 na 467, siyo yanayoruhusiwa Ulaya, ambayo ni 446, na meli inapita nchi tatu kwa wiki. Baadhi ya kampuni za meli hazitaki kabisa uzipandishe. Alinisikiliza, akashukuru, akaenda kuzinunua.

Vitufe vya kufuatilia vitu, kama AirTag, navyo naulizwa sana. Kitufe hicho hakina setilaiti ndani yake. Kinanong'ona kwa Bluetooth, na ili kijulikane kiko wapi lazima kipite karibu na simu ya mtu yenye intaneti. Melini watu wengi wamezima intaneti, kwa hiyo kitakwambia mtoto alikuwa wapi muda uliopita. Afadhali vifaa vya meli yenyewe pale vilipo. Kampuni ya meli ya Princess walianza mwaka 2017 kuwapa abiria kidude cha duara wanachokiita Medallion, na kwenye programu unaweza kuona mtu wako yuko sehemu gani ya meli. Hicho kinafanya kazi kwa sababu meli yenyewe imewekewa vipokezi kila pembe.

Lakini chuma hichohicho kinachoua redio kina faida moja: kuta na milango ya vyumba vingi hushika sumaku. Beba kibao kidogo cha kuandikia chenye sumaku, au sumaku nne na daftari. Kila anayetoka anaandika yuko wapi na atarudi saa ngapi. Nimeona familia za watu kumi na wawili zikiendeshwa hivyo wiki nzima bila simu hata moja kuita. Asiyejua kusoma anachora: samaki ni bwawa, sahani ni chakula.

Na chumbani kuna simu ya mezani. Kupiga kutoka chumba hadi chumba ni bure, na kwenye ngazi na kumbi kuna simu za aina hiyohiyo. Tatizo ni kwamba watoto wa siku hizi hawaijui. Anaishika, anaiangalia, anatafuta kioo. Ofisini nimeweka moja nzee, ile nzito ya kijivu, na kila mtoto anayekuja na wazazi namfundisha: nyanyua, sikiliza mlio, bonyeza namba ya chumba chenu. Namba ya chumba huanza na ya sitaha, kwa hiyo 8214 iko sitaha ya 8. Igeuze wimbo. Imbeni kwenye gari kutoka Njiro hadi Kilombero hapa mjini mpaka wewe mwenyewe uchoke. Mtoto akiipoteza kadi yake, wimbo haupotei.

Sababu ya kusisitiza namba ni kwamba mtoto wetu hajui jina lako. Muulize aliye na miaka minne: mama yako anaitwa nani? Atajibu "Mama". Akisogea sana atasema Mama fulani, kwa jina la kaka yake. Hakuna abiria mwenye jina hilo kwenye orodha ya meli. Namba ya chumba inatosha.

Jambo jingine la kwetu: tumewafundisha kwamba kila mtu mzima ni mama, baba au anti, na akikuita unaitika na kwenda. Nyumbani ni adabu, na siwaambii muiache. Melini mpe alama moja zaidi: ukinikosa, tafuta mtu mwenye kibao cha jina kifuani. Wafanyakazi wote huvaa, na mara nyingi kimeandikwa na nchi anayotoka. Mwonyeshe siku ya kwanza, mpite mkihesabu vibao.

Klabu ya watoto ndipo mawasiliano ya kweli yalipo, maana hapo kuna mtu. Nyingi hupokea kuanzia miaka mitatu, na aliyekwisha kuacha nepi. Unamwandikisha, mnapeana neno la siri au majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, anavalishwa bangili. Akilia sana au akitaka choo kwa namna isiyowahusu walezi, wanakutafuta wewe, kwa programu au kwa kifaa wanachokupa. Kwa hiyo swali la kuuliza klabuni siyo "nitampataje", ni "ninyi mtanipataje mimi". Nikikaa bwawani nitasikia? Nikishuka bandarini? Wakubwa kidogo wanaweza kuruhusiwa kujiandikisha kutoka wenyewe kwa idhini yako. Fomu hiyo huja katikati ya makaratasi mengine. Isome kabla hujatia tiki.

Kisha lugha. Kwenye meli yangu ya pili nilikuwa mzungumzaji pekee wa Kiswahili. Nilirudi kutoka mapumziko nikamkuta mtoto wa familia moja ya Mombasa anatetemeka, mbele yake glasi tatu. Alikuwa amesema "susu", mwenzangu akasikia juisi. Akasema tena, akaletewa ya pili. Tangu hapo kila mteja wangu mwenye mtoto mdogo anaondoka na kadi yenye maneno yake kumi: la choo, la njaa, la kuumwa, la usingizi, jina la mdoli wake, na jinsi yanavyotamkwa. Andika maneno anayotumia yeye kweli, hata kama ni ya kitoto kiasi cha kukuonea aibu.

Saa nazo, jamani. Meli ina saa zake. Jamaika haibadilishi saa majira ya joto na Florida hubadilisha, kwa hiyo meli ikibaki na saa za Florida, simu iliyonasa mnara wa Jamaika iko nyuma saa nzima. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia baba mmoja wakati wa kuja kumchukua mwanaye bila kumkumbusha hilo. Alifika akitabasamu, mapema kwa dakika tano kwa simu yake. Mtoto alikuwa amekaa nami nje ya klabu iliyofungwa kwa dakika 55, ameshamaliza kulia, ananiangalia tu. Kosa lilikuwa langu, na sura ile ninayo mpaka leo. Vaa saa ya mkono ya kawaida. Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada: mama mmoja niliyemsafirisha alimtafsiria mlezi "saa sita" neno kwa neno. Yeye alimaanisha mchana. Wao wakamngoja jioni. Andika kwa tarakimu, 12:00 au 18:00.

Nirudi kwenye kuzama. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na abiria waliopanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama baharini, unataka lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Unataka pia majaketi okozi ya watoto yasipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, na watoto wakizidi hapo, kila mmoja awe na lake. Mlio wa hatari ni mifupi saba na mmoja mrefu. Bangili ya mtoto huwa na namba ya kituo chenu cha kukusanyikia. Swali lako siku ya kwanza, uso kwa uso na mlezi: mlio ukipigwa mtoto akiwa kwenu, mnamleta kituoni kwangu au nakuja kumfuata? Utaratibu hutofautiana kati ya meli na meli. Usipouliza utakimbia kupanda wakati wao wanashuka naye kwa ngazi nyingine.

Yule gaidi alirudi. Redio zilikaa kwenye begi kuanzia jioni ya kwanza, hakusema kwa nini na sikumwuliza. Wiki iliyopita alipita ofisini kulipia safari nyingine, akiwa na bintiye. Nikiwa naandika risiti mtoto akanyanyua simu ya kijivu, akaimba kidogo, akabonyeza nane, mbili, moja, nne, akasubiri. Kisha akanigeukia akiwa amenuna.

"Anti, mama hapokei."