Muanglikana akioa Mkatoliki, abatizwe upya?

Hapa Kampala, harusi ya mchanganyiko ikikaribia, hakosi shangazi wa kusema: "Lazima ubatizwe tena." Si kweli. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Kanisa la Uganda, yaani la Kianglikana, mradi maji yalitumika na maneno yalikuwa "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Anayeamua kuhamia Ukatoliki huleta cheti chake cha ubatizo, hufundishwa, kisha hupewa kipaimara. Hamwagiwi maji tena, isipokuwa kuna shaka ya kweli kama alibatizwa ipasavyo.

Hata mbatizaji si lazima awe padri. Mei 1886, Munyonyo, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda na mlei tu, aliwabatiza wenzake usiku, akiwemo kijana Kizito. Ubatizo ule haukurudiwa.

Uvumi huu nadhani umetoka kwa Walokole. Makanisa mengi ya Kipentekoste na ya Kibaptisti hayahesabu ubatizo wa kitoto kichanga: aliyenyunyiziwa maji akiwa mgongoni mwa mama atazamishwa akishaamini. Kwao hilo si kurudia, ndio ubatizo wa kwanza. Kwa hiyo shangazi hajakosea kwa kila kitu. Amechanganya makanisa tu.