"Ume-cope na mazingira?" Dhana potofu kuhusu vitenzi vya Kiingereza vya kuzoea

Mtumishi mpya akipangiwa kazi Tanga, swali atakaloulizwa na kila mtu, kuanzia ofisini mpaka kwa muuza chapati, ni hili: "Vipi, ume-cope na mazingira?" Naye atajibu ndiyo, ame-cope, watu wakarimu, samaki wapo, labda joto tu. Kwa mazungumzo ya mtaani hakuna aliyekosea hapo. Kazi huanza jibu lile lile linapoingia kwenye barua ya Kiingereza au kwenye usaili. Nafundisha Kiingereza jioni hapa mjini, wanafunzi wangu ni watu wazima: waongoza watalii, makarani, wauguzi. Dhana hizi huja nazo darasani kila muhula, na nyingi walipewa shuleni na kamusi ndogo zinazotafsiri vitenzi sita kwa neno moja, "kuzoea", kisha zikafunga ukurasa.

Dhana: "cope" ndiyo Kiingereza cha kuzoea

"Cope with" ni kumudu jambo gumu. Asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kupiga, na lilipoingia kwenye Kiingereza lilihusu watu kupambana ana kwa ana. Mapambano hayo hayajatoka mpaka leo. Mtu hu-cope na msiba, na madeni, na wodi iliyojaa wagonjwa akiwa peke yake zamu ya usiku. Ukimwandikia mwenyeji wako "I have coped with Tanga", umemwambia kwamba Tanga imekutesa ila bado unapumua, na masikini atakaa akijiuliza alikukosea wapi. Ulichotaka kusema ni "I have settled in": umetulia, unajua duka la jirani na mwenye duka anakujua, hata ukipungukiwa sukari hakudai papo hapo. Tena mtu anaweza ku-cope na mahali miaka 10 asipazoee hata siku moja.

Dhana: "adapt" na "adjust" ni mamoja

Zipo sentensi ambazo yoyote kati ya hivyo viwili hufaa, hasa ukizungumzia kazi mpya au shule mpya. Lakini angalia kitu kimebadilika kwa kiasi gani. Dereva wa bajaji akisogeza kioo cha pembeni, ame-adjust. Kioo ni kile kile na jioni anaweza kukirudisha. Akiondoa kiti cha abiria akafunga sanduku la kusambazia soda, ame-adapt, kwa sababu sasa chombo kinafanya kazi nyingine.

Dhana: nguo iki-fit, basi imependeza

Hili linanishangaza, maana Kiswahili kinatofautisha vizuri kabisa. Nenda kwa fundi yeyote kwenye zile barabara za namba za Ngamiani. Mteja ametoka nyuma ya pazia na gauni la kitenge, fundi pini ziko mdomoni, anavuta bega, anapima kiuno kwa vidole viwili, anaangalia pindo. "Limekukaa," anasema. Hiyo ni "It fits". Shoga wa mteja, ambaye hakuombwa maoni, anasema kutoka kwenye benchi: "Limekukaa, lakini rangi hiyo haikutoi." Hiyo ni "It doesn't suit you". Mtandio wa kijani uendane na maua ya kijani ya kitenge, hapo ni "match". Vitenzi vitatu, na wenyeji wa benchi lile hawajawahi kuvichanganya kwa lugha yao. Darasani watu wale wale wanaandika "This dress fits me" wakimaanisha wamependeza. (Na fundi akipunguza kiuno, Mwingereza hatumii "adapt" wala "adjust" mara nyingi; husema "alter" au "take in".)

Dhana: kiumbe mmoja anaweza ku-adapt

Kwa mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Kwa karatasi ya biolojia, hapana, na hapa wanafunzi wa sekondari hupoteza alama.

Chukua mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Asili ya mmea wenyewe ni Mexico. Ukiwauliza wanafunzi kama miche ile 62 ili-adapt na hali ya Tanga, wote watanyoosha mkono. Lakini tazama mkonge una nini: jani nene lenye nta, na matundu ya kupitisha hewa yanayofunguka usiku badala ya mchana ili maji yasipotee. Vyote hivyo ulikuja navyo. Vilijengeka kule kwenye ukame wa kwao, kizazi baada ya kizazi, na hiyo ndiyo "adaptation" kwa maana ya kisayansi. Mche mmoja ukistahimili mahali papya ndani ya uhai wake, kitenzi ni "acclimatise", au "acclimate" kama wasemavyo Wamarekani. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu wa Chumbageni anayepelekwa Lushoto mwezi wa saba: wiki ya kwanza majaketi mawili na soksi kitandani, baada ya mwezi anatembea na shati. Mwili wake umezoea, lakini mtoto wake hatazaliwa akiwa amezoea.

Dhana: "fit in", "blend in" na "conform" zote ni kuiga wenzako

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Methali hiyo ni tafsiri nzuri ya "conform" kuliko nilizoziona kwenye kamusi, kwa sababu kila mtu anajua aliyefumba bado analo jicho. "Conform" ni kufuata utaratibu, hata kama moyoni hukubali. "Blend in" ni kutojulikana kuwa mgeni. Mtalii aliyevaa kanzu na kofia ya kiua huku akipiga picha kila mlango anaopita haja-blend in hata kidogo. Lakini mtalii huyo huyo akikaa barazani, akacheza bao, akafungwa mara tatu na kucheka, ame-fit in, kwa sababu "fit in" hutolewa na wenyeji. Kwa juhudi zako unaweza ku-conform mwaka mzima na bado usi-fit in.

Dhana: "assimilate" ni "integrate" kwa Kiingereza kikubwa

Hatari, hasa kwa wanaoandika ripoti za miradi. "Integrate" ni kuingia katika jamii na kushiriki mambo yake huku ukibaki na chako. "Assimilate" ni kumezwa. Huko Msumbiji, mpaka 1961, Wareno walikuwa na daraja la kisheria la Waafrika walioitwa "assimilados", waliokubaliwa kwa masharti ya kujua Kireno na kuacha desturi zao. Neno lina historia hiyo mgongoni.

Mfano mzuri zaidi uko mkoani kwetu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani na kupelekwa kusini mwa Somalia. Waliotoroka walianzisha vijiji vyao bonde la Mto Juba, wakalima, wakajua Kisomali, wakasilimu. Wali-adapt, hakuna ubishi. Lakini Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vya 1991 vilipowafukuza wazao wao, baadhi walifika Handeni, na zaidi ya karne moja baadaye waliweza kuongea na wenyeji kwa Kizigua. Wengi wa waliowekwa makazi ya Chogo walipewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo anayeandika kwamba watu hawa "were assimilated in Somalia" amefuta kitu chenyewe kinachowafanya wawe habari.

Ndogondogo

"Adopt" siyo "adapt". Neno "shule" tumeli-adopt kutoka kwa Wajerumani. Tahajia yake tumei-adapt.

"Na" yetu inawaponza wengi: wanaandika "adapt with". Ni "adapt to", "adjust to", "conform to", lakini "cope with" na "integrate into".

Na "used to". "I am used to waking up early" ni mazoea ya sasa, na baada ya "to" hapo inakuja "waking", siyo "wake". "I used to" ni ya zamani, imekwisha. Muuguzi mmoja aliandika kwenye fomu yake "I used to take care of my patients", na bado anashangaa kwa nini hakuitwa.