Namba zilizo mbele ya fomula, na jiko la mkaa chumbani

Wanafunzi wengi husawazisha milinganyo ya kikemia kama wanaotegua kitendawili: wanatia 2 hapa, 3 pale, pande mbili zikilingana wanafunga daftari. Namba zenyewe zinasema nini, hawaulizi. Tuziulize kwa mkaa.

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ukipata hewa ya kutosha, huungua hivi:

C + O₂ → CO₂

Hewa ikiwa haba:

2C + O₂ → 2CO

Vinavyoingia ni vilevile. Uwiano ndio uliobadilika. Kwanza kila atomu ya kaboni ilipata molekuli nzima ya oksijeni, sasa atomu mbili zinagawana moja. Matokeo yake si hewa ukaa (CO₂) tena, bali kaboni monoksaidi (CO), gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Pua haikuonyi.

Namba ya mbele huhesabu atomu au molekuli, na ikiwa 1 haiandikwi. Ile ndogo ya chini ni sehemu ya molekuli yenyewe, usiiguse. Anayegeuza CO kuwa CO₂ ili hesabu imkalie vizuri hajasawazisha chochote, ametaja gesi nyingine kabisa.

Wala namba hizo si gramu. Ni idadi, na wanakemia huhesabu kwa moli, yaani fungu lenye idadi maalumu ya atomu au molekuli. Mlinganyo wa kwanza unadai moli 1 ya kaboni kwa moli 1 ya oksijeni, yaani gramu 12 kwa gramu 32, na zinatoka gramu 44 za CO₂. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na faida. Tuuchukulie mkaa kuwa kaboni tupu: kilo 1 inahitaji kilo 2.7 hivi za oksijeni. Katika joto la kawaida hizo ni kama meta za ujazo 2, na kuzipata kunahitaji karibu meta za ujazo 10 za hewa. Chumba cha meta 3 kwa 3, chenye kimo cha meta 2.5, kina meta za ujazo 22.5 tu. Kilo moja ya mkaa inadai oksijeni ya karibu nusu ya chumba, na waliolala humo nao wanapumua.

Jiko halingoji oksijeni iishe. Katikati ya makaa mekundu, hewa ukaa hukutana na kaboni ya moto:

CO₂ + C → 2CO

Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyohiyo ikiungua inapoifikia hewa: 2CO + O₂ → 2CO₂. Makaa yakipoa mwali huzimika, lakini gesi inaendelea kutoka. Kwa hiyo kuingiza jiko ndani ati kwa sababu limebaki na makaa tu, halitoi moshi, ni hatari. Mkaa uungulie nje. Aliyekaa karibu nalo ndani akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, atolewe kwenye hewa safi mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya.