Grace Onyango na umeya: tunayoyasema vijiweni Kigoma, na yaliyo kweli

"Meya wa kwanza mwanamke Kenya ni Margaret Kenyatta." Kauli hii inazunguka sana vijiweni, Mwanga mpaka Ujiji. Si kweli. Margaret alishika umeya wa Nairobi mwaka 1970. Miaka mitano kabla yake, 1965, Kisumu ilishampata Grace Onyango, mwalimu aliyeingia barazani kama diwani, akapewa kiti baada ya meya aliyekuwepo kufariki. Inauma jina lake kusahaulika hapa Kigoma, maana Kisumu ni kama sisi: bandari ya ziwani, mwisho wa reli. Na haikuwa jiji wakati ule. Ilikuwa manispaa, kama Kigoma Ujiji leo.

"Grace alibebwa tu." Hili ndilo linalonikera zaidi. Tumezoea viti maalumu, basi tukisikia mwanamke bungeni tunadhani kateuliwa. Mwaka 1969 Grace aligombea jimbo la Kisumu Mjini, akashinda kwa kura, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya. Alikaa humo hadi 1983. Mbunge mwenzake, J.M. Kariuki, alipouawa mwaka 1975, Grace alikuwa mjumbe wa kamati teule ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo, uchunguzi uliowagusa wakubwa serikalini. Mtu wa kubebwa haendi huko. Margaret naye, pamoja na kuwa binti wa Rais Jomo Kenyatta, alipitia udiwani kwanza.

"Meya ndiye mwenye fungu la halmashauri." Mama anayeuza migebuka sokoni akiona mtaro umeziba, humlaumu Meya, kwa sababu ndiye aliyemwona na joho na mkufu. Kwetu Meya huchaguliwa na madiwani wenzake na huongoza vikao vyao. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, na malipo hupita mikononi mwake. Kenya hata cheo chenyewe cha meya hakipo tena. Tangu 2013 kaunti zina magavana.

"Mwanamke kuongoza ni mambo ya kuiga." Kuiga kwa nani? Kabla ya uhuru, Heru, huko Kasulu, ilitawaliwa na Mwami (yaani chifu) Theresa Ntare, mwanamke. Ukienda Kasulu, waulize wazee habari zake.