Ugomvi wa nywele kwenye School Daze, na kwa nini ilibidi uchezwe

Mimi kazi yangu ni kupanga dansi za jukwaani, na kila nikipata wanafunzi wapya nawaanzishia na School Daze, muvi ya mwongozaji Mmarekani Spike Lee, ya mwaka 1988, sio muvi nzima, ile sini ya saluni tu.

Kama hujaiona, inahusu wikiendi moja kwenye chuo cha Weusi cha kubuni, Mission College, kule Atlanta, Marekani. Lee mwenyewe alisoma Morehouse, chuo halisi cha Weusi hukohuko Atlanta, akamaliza 1979, kwa hiyo anayoonesha anayajua, na Morehouse hawakufurahi kabisa, walimruhusu kurekodi pale halafu katikati ya kazi wakamzuia.

Sasa wasichana wamegawanyika. Weupe-weupe wenye nywele ndefu laini wanaitwa Wannabees, weusi wenye kipilipili chao wanaitwa Jigaboos, na yote mawili ni majina ya kutukanana. Wanakutana kwenye korido ya bweni, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake, huyu katupa neno, yule kajibu, mara tuko saluni kwa Madame Re-Re na jazi ya Bill Lee, baba yake Spike, imeshashika moto.

Ni mipasho ile! Upande huu unarusha, ule unarudisha, mtu wa taarab wala hahitaji mkalimani. Kuna mahali wanainua vipepeo vya mkononi vyenye sura ya Vivien Leigh na ya Hattie McDaniel, bibi wa Kizungu na mjakazi wake Mweusi wa Gone with the Wind, ile muvi ya 1939, na hapo unajua wanatukanana kwa picha walizochorewa na watu wengine kabisa.

Lee aliwalaza waigizaji hoteli tofauti, na kina Wannabees ndo wakapewa iliyo nzuri, kwa hiyo yale macho makali unayoyaona sio ya kuigiza tu.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni kazi ya Otis Sallid, aliyepanga dansi. Wangesema maneno yale bila muziki ungechagua upande dakika ileile, lakini huwezi kumpiga mtu kijembe ndani ya wimbo bila kufuata mdundo anaoufuata yeye, hesabu ni moja, mapigo nane kwa nane, wote. Huwa nazima sauti nawaambia wanafunzi tazameni miguu peke yake mniambie nani yuko kundi gani, na wengi wanachanganya.